Hizi tafiti za kimataifa za matetemeko huku Moshi na Arusha zinamsaidia nini mtu anayejenga?

Mjenzi wa Rau

Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, kibanda changu kimefika usawa wa lenta na nimesimama kwanza maana kichwa kimejaa maswali. Wiki iliyopita usiku kulitikisika, sio sana, vyombo viligongana kabatini, mbwa wa jirani wakabweka, wengine hata hawakuamka. Kesho yake ndo ikawa stori ya kijiweni, mmoja anasema hiyo ni volkano ya Lengai inapumua, mwingine anasema huku hakuna kitu kikubwa kinaweza kutokea maana mlima unatukinga. Mi nikaingia mtandaoni nikakutana na ramani ya dunia nzima ya matetemeko, imepakwa rangi kuanzia za kupoa mpaka nyekundu, na huu ukanda wetu wa Bonde la Ufa unaonekana kabisa, umetofautiana na nchi za upande wa magharibi ya Afrika. Kusoma chini naona imetengenezwa Italia kwa kushirikiana na nchi kibao.

Sasa maswali yangu ni haya. Hao watu wa Italia wamejuaje habari za Moshi, wametumia nini? Na hiyo rangi inaniambia nini mimi mwenye bloku za inchi tano na hela ya nondo ya kuhesabu? Fundi wangu anasema nondo mbili za milimita 10 kwenye lenta zinatosha, wengine wananiambia nne, na kila nondo ni hela jamani. Anayejua anisaidie, sitaki maneno ya kutishana.

Chalii wa Ngarenaro

Mkuu hizo tafiti mi naziona tangu niko shule. Wanakuja na Land Cruiser, wanachimba mashimo, wanaweka vimashine vya kupima mitetemo porini, baada ya mwaka wanang'oa wanaondoka. Ukiuliza majibu yako wapi unaambiwa yapo kwenye jarida la kiingereza, na kulisoma unalipia kwa dola. Wenye kijiji chao hawajawahi kurudishiwa hata karatasi moja. Sisemi hawafanyi kazi, nasema kazi yao inaishia kwao. Jenga kama wazee walivyojenga, tangu nizaliwe hapa Arusha sijaona nyumba imeanguka kwa tetemeko.

Mpimaji Tengeru

Chalii hapo kwenye karatasi una hoja nzito na nitakujibu, sitakwepa. Ila ngoja nianze na aliyeuliza.

Nimefanya kazi ya kusaidia kufunga hivyo vimashine, Longido, Natron, pembeni ya Engaruka huko, kwahiyo naongea kitu nilichokishika. Mtambo wenyewe ni mdogo tu unabebeka kwa mkono mmoja. Unachimba shimo mpaka ukute mwamba au udongo mgumu kabisa, unazamisha pipa la plastiki, chini unamwaga zege kidogo unaliweka sawa kwa pimamaji, likishakauka ndo unaketisha mtambo juu yake na kuuelekeza kaskazini kwa dira, halafu unafunika na kurudishia udongo juu ili upepo na jua visiusumbue. Nje inabaki paneli ya sola, kisanduku cha betri na kinasa data, na uzio wa miiba wa kuzuia mbuzi. Tunaelewana na mzee wa boma la karibu aangalie. Ukirudi kuchukua data unakuta kila kitu kimo, lori lililopita, ng'ombe wakienda kunywa maji, upepo wa mchana, na katikati ya hayo yote mitetemo midogo ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeisikia.

Hiyo midogo ndo mali. Kwa kawaida ukipanda ngazi moja ya ukubwa idadi inapungua kama mara kumi hivi, yaani eneo lililotoa matetemeko mia ya ukubwa wa 3 litakuwa limetoa kama kumi ya ukubwa wa 4 na moja la ukubwa wa 5. Kwahiyo ukihesabu madogo vizuri kwa miaka mingi unaweza kukadiria makubwa yanakuja kwa wastani gani, bila kusubiri kubwa litokee kwanza. Kwenye ile ramani uliyoiona hesabu hii ni sehemu kubwa ya kazi.

Sasa kwanini lazima nchi nyingi. Mtambo mmoja unakwambia tu kuna kitu kimetikisika, haukwambii wapi. Ili ujue wapi na kwa kina gani unahitaji vituo vinavyolizunguka tetemeko, pande zote, sio upande mmoja. Angalia Natron iko wapi, iko mpakani kabisa. Tetemeko la Natron ukilipima kwa vituo vya Tanzania peke yake unakuwa umelitazama kwa upande wa kusini tu, unahitaji vituo vya Kenya kama kile cha Kilimambogo. La Kagera unahitaji Uganda na Rwanda. La Ziwa Tanganyika bila Kongo, Burundi na Zambia utakosea kilomita nyingi tu. Ndo maana tangu miaka ya 1990 kuna kikundi cha wataalamu wa matetemeko wa mashariki na kusini mwa Afrika kinaitwa ESARSWG, wana Uganda, Kenya, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Ethiopia na sisi, wanakutana na kuunganisha data zao wanasoma mawimbi kwa pamoja, na Wanorwe wa Chuo Kikuu cha Bergen waliwasaidia sana mafunzo na programu ya kuchambulia. Baadaye katikati ya miaka ya 2000 ikaja mradi wa AfricaArray, wa vyuo vya Afrika Kusini na Marekani, ikaongeza vituo na ikasomesha vijana wa kwetu. Data za dunia nzima zinaishia kwenye kituo kimoja Uingereza kinaitwa ISC, hao wanalinganisha taarifa za kila nchi na kutoa orodha moja.

Ramani zenyewe: ya kwanza ya dunia ilifanywa na mradi wa GSHAP kuanzia 1992 mpaka 1999, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umetenga ile miaka kumi ya kupunguza majanga. Hiyo uliyoiona naamini ni ya GEM, taasisi iliyoanza 2009, makao yake Pavia, Italia. Walitoa ramani ya dunia Desemba 2018 na kuiboresha 2023. Na kwa ukanda wetu hawakukaa tu Italia wakakisia, modeli ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki waliifanya na AfricaArray na ikachapishwa 2017. Waitaliano nao sio watu wa kusoma habari hizi vitabuni tu, mwaka 2009 mji wao wa L'Aquila ulipigwa na tetemeko la 6.3 wakafa zaidi ya watu 300.

Kuhusu mlima kutukinga, hapana ndugu zangu. Kilimanjaro, Meru na Lengai zote ni watoto wa ufa huuhuu, ardhi ya huku inaachana polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na mlima hauzuii wimbi la tetemeko kupita.

Mjenzi wa Rau

Asante sana Mpimaji, hapo nimeelewa. Ila huo ufa unaoachana milimita chache kwa mwaka si jambo dogo sana? Na Lengai je, inahusika au ni stori za kijiweni?

Mpimaji Tengeru

Milimita chache kila mwaka kwa miaka mia unaongelea makumi ya sentimita, na ardhi hailipi kidogo kidogo kila mwaka, inakaa kimya halafu inalipa kwa mkupuo.

Lengai inahusika kwa namna yake. Wenye kumbukumbu wa Arusha wanaijua Julai 2007, mitetemo ilikuwa mfululizo, kubwa kabisa ilikuwa tarehe 17, ukubwa wa 5.9, chanzo chake maeneo ya mlima Gelai kusini mwa Ziwa Natron. Mpaka Nairobi watu walitoka kwenye maghorofa wakasimama barabarani. Watu wengi walidhani Lengai ndo inalipuka, lakini tope la moto, yaani mwamba ulioyeyuka, lilikuwa limejipenyeza chini ya Gelai, likapasua mwamba kwa chini bila kutoka juu. Lengai yenyewe ikaja kulipuka kwa nguvu mwanzoni mwa Septemba mwaka uleule.

Na nikueleze waliojua vile walijuaje maana hapa ndo swali lako la watu wa nje wanajuaje habari za huku linapojibika. Satelaiti ya Ulaya na ya Japani zilikuwa zimepiga picha za rada kabla na baada, ukizilinganisha unaona ardhi imezama wapi na imeinuka wapi. Timu ya Wafaransa na Watanzania ilikuwa na mitambo imefungwa huku kwetu mwaka huohuo. Data nyingine zikatoka vituo vya nchi jirani. Ukiondoa kipande kimoja hapo stori inakuwa nusu, utaona ardhi imeshuka ila hujui ilianza kupasuka saa ngapi, au utasikia mitetemo ila hujui ni tope la moto au ni ufa wa kawaida. Miaka ya 2013 na 2014 wakarudi tena Wamarekani, Wafaransa, Wakenya na Watanzania, wakafunga mitambo karibu 40 kuanzia Natron mpaka Magadi. Na tangu 2016 kuna GPS za kupima ardhi inavyosogea zimefungwa kwenye Lengai yenyewe, mradi wa TZVOLCANO, wa Virginia Tech, Chuo Kikuu Ardhi na Wakorea, data zake ziko wazi.

MaKoku

Wanangu mi naomba niseme kitu hapo kwa huyo aliyesema tangu azaliwe hajaona nyumba imeanguka. Mi naishi Moshi sasa lakini Septemba 10 mwaka 2016 nilikuwa Bukoba. Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri hivi, watu wengine wako sokoni wengine wamejilaza. Na sisi tulikuwa tunasema hivyohivyo, kwamba huku Kagera hayajawahi kutokea mambo hayo. Ilikuwa 5.9, ni sawa na hiyo mnayoisema ya Gelai. Lakini ile ya Gelai ilitokea porini kwenye maboma machache, yetu ilikuja kwenye makazi. Watu wasiopungua 17 wakafariki, majeruhi mamia, nyumba kwa maelfu. Ihungo na Nyakato, shule ambazo zimesomesha watu wakubwa wa nchi hii, zikafungwa wanafunzi wakahamishwa.

Nilichokiona kwa macho ni kwamba nyumba hazikuanguka zote kwa mtindo mmoja. Za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo badala ya simenti, kona zilifunguka, unaweza kupitisha mkono ukamsalimia aliye ndani. Ile pembetatu ya ukuta ya juu chini ya bati, hiyo kwa nyumba nyingi ilidondokea nje nzima nzima. Na nyumba za miti na udongo za wazee wetu, ambazo watu wanazidharau, nyingi zilitikisika udongo ukamwagika lakini fito zikabaki zimesimama. Jirani yangu aliyekuwa amefunga mkanda wa zege kuzunguka nyumba yote alipata nyufa tu.

Kabla ya siku ile sikuwahi kusikia mtu kutoka ofisi yoyote akituambia kwamba tuko kwenye ukanda wa matetemeko. Ramani mnazosema za 1999 zilikuwepo. Zilikuwa wapi? Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo mama, na pole sana. Hapo umesema kile ninachokisema mimi ila kwa uchungu zaidi. Ramani ipo na mtu amefariki bila kuiona.

Injinia wa Sakina

Shikamoo MaKoku. Hayo uliyoyaona ya kona na pembetatu za juu ndo tunayoyaona kwenye ripoti za kila tetemeko la ukubwa huo, umeyaeleza vizuri kuliko mainjinia wengi.

Mjenzi nikujibu kuhusu rangi. Ile ramani haikwambii tetemeko litakuja lini, hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia hilo, akikwambia tarehe mkimbie. Inachokwambia ni hivi: ndani ya miaka 50 ijayo kuna asilimia 10 kwamba mtikisiko wa ardhi hapo utazidi kiwango fulani, na rangi ndo hicho kiwango. Kwa hesabu ni sawa na kusema kwa wastani mara moja kila miaka 475, lakini usiielewe kama ratiba, unaweza kupata mawili ndani ya miaka 30 na usipate lolote kwa miaka 900. Wamechagua miaka 50 maana ndo umri tunaoutegemea kwa jengo la kawaida. Nyumba yako ukiijenga leo mjukuu wako anaweza kuwa bado anaishi humo.

Jambo la pili ambalo ramani ya dunia haikwambii: imehesabiwa kama vile kila mahali ni mwamba. Moshi sio mwamba kote. Ukiwa juu huko kwenye mawe magumu ya volkano ni habari nyingine na ukiwa chini karibu na majaruba ya mpunga, udongo laini na maji yako karibu, mtikisiko unaongezeka. Hii ni kazi ya kufanywa na watu wa hapa, mtaa kwa mtaa, hakuna mtaliano atakayekuja kupima kiwanja chako.

Sasa jambo la tatu ndo kubwa na ndo linalonihusu mimi zaidi. Ardhi kutikisika ni kitu kimoja, watu kuumia na mali kupotea ni kitu kingine kabisa. Januari 2010 Haiti walipigwa na tetemeko la 7.0 wakafa watu zaidi ya laki moja. Februari mwaka huohuo Chile wakapigwa na la 8.8, hilo lina nguvu kama mara mia tano ya lile, wakafa kama watu mia tano. Kuna mambo mengi hapo, la Haiti lilikuwa karibu sana na jiji, lakini Chile walikuwa wameshaumia vibaya huko nyuma wakatunga sheria za ujenzi na wakazifuata. Kwahiyo anayetaka kukadiria hasara lazima ajue nyumba ziko ngapi, za nini, zina watu wangapi ndani.

Na hapo ndo wageni wanatuhitaji sisi kuliko sisi tunavyowahitaji wao. Satelaiti inaona bati. Nimekaa na hizo picha naongea kwa uzoefu, ukitazama Kiborloni ya Moshi au Unga Limited ya Arusha kutoka juu unaona bati, bati, bati. Chini ya bati kuna nini? Inaweza kuwa fito na udongo, tofali mbichi, tofali za kuchoma, bloku zenye nguzo, bloku zisizo na nguzo, mawe. Kwa tetemeko moja nyumba hizo zitapata matokeo tofauti kabisa na kwenye kompyuta zote ni kiboksi kimoja cha rangi ya bati. Kulikuwa na mradi unaitwa METEOR kuanzia 2018 mpaka 2021, uliongozwa na taasisi ya jiolojia ya Uingereza, GEM wakiwemo, wale wachoraji wa ramani huria wa HOT wakiwemo, na kwa upande wetu Idara ya Menejimenti ya Maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nchi za majaribio zilikuwa mbili, Nepal na Tanzania. Kazi ilikuwa hiyohiyo, kuunganisha picha za satelaiti na taarifa za watu wa mitaani ili kujua aina za majengo yaliyoko kwenye hatari, ya matetemeko na mafuriko na mengine.

Halafu sensa ya 2022 ikahesabu na majengo, zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Mi naamini hiyo ni hazina kubwa kuliko mitambo mingi. Ukiichukua sensa ya majengo ukaiunganisha na modeli ya matetemeko unaweza kukaa na mkurugenzi wa halmashauri ukamwambia kata hii na hii ndo anzeni nazo, shule hizi mziimarishe kwanza, hospitali hii isipoteze umeme. Bila hivyo tutaendelea kuonyeshana rangi.

Mjenzi wa Rau

Injinia umenifungua macho. Kiwanja changu kiko huku chini, udongo ni mweusi na mvua zikinyesha unashika viatu. Kwahiyo hizo nondo nne ndo lazima? Na hiyo "nguzo" kwenye nyumba ya kawaida ya chini inahitajika kweli, maana fundi anasema nguzo ni za ghorofa.

Injinia wa Sakina

Kwa udongo huo ita mtu aje auone kabla hujaongeza uzito wowote, hilo usilifanyie hesabu ya kwenye simu. Huo mweusi unavimba na kusinyaa hata bila tetemeko.

Lenta: weka nne, mbili chini mbili juu, milimita 12 kama unaweza, 10 kama hela imebana, lakini nne. Nondo mbili zinabeba juu ya dirisha basi, hazifungi nyumba. Lenta izunguke kuta zote pamoja na za ndani bila kukatika hata sehemu moja. Na kona ndo mafundi wetu wengi wanapokosea, unakuta nondo ya ukuta huu imefika kona imeishia hapo, na ya ukuta ule imefika imeishia hapo, zimegusana tu zimefungwa waya. Ukuta ukivutwa nje zinachomoka. Nondo ikunje kona, iendelee kwenye ukuta wa pili si chini ya nusu mita kwa milimita 10 na zaidi kwa 12, hata kama ni kwa kuongeza kipande cha umbo la L kila kona.

Ringi nazo, zile pete za nondo nyembamba zinazofunga nondo kuu pamoja. Asikunje ncha kwa pembe mraba tu, azikunje ziingie ndani ya zege kabisa, zishike nondo kwa nyuma. Ile ya pembe mraba zege la nje likibanduka ringi inafunguka kama mkanda uliolegea. Ni kazi ya sekunde kadhaa kwa kila ringi na haiongezi hata shilingi kumi, tatizo ni fundi hajawahi kuambiwa sababu. Kila sentimita 20 weka ringi, kwenye kona zikaribiane zaidi.

Nguzo kwa nyumba ya chini: ndio, kwenye kona na pale kuta zinapokutana. Nzuri zaidi ni kupandisha ukuta kwanza ukiacha tofali zimetoka meno meno, halafu unamwaga zege la nguzo katikati ya hayo meno, ukuta na nguzo vinashikana. Wewe umeshafika lenta bila nguzo kwahiyo usibomoe kwa presha, mwite injinia wa halmashauri au yeyote mwenye usajili aone kona zako, kuna namna za kuongezea. Ile pembetatu ya juu aliyoisema MaKoku usiijenge kwa tofali, malizia kwa mbao na bati. Na bati lenyewe ni zuri, paa jepesi linakusaidia.

Halafu bloku. Uliza kiwandani mfuko mmoja wa simenti wanatoa bloku ngapi, wakikwepa swali ondoka. Ukiidondosha usawa wa kiuno kwenye udongo ikivunjika vipande vipande unajua.

Chalii wa Ngarenaro

Nimesoma yote. Mpimaji uliahidi utanijibu kuhusu karatasi, sijasahau.

Mpimaji Tengeru

Sijakwepa, nilikuwa kazini.

Kuna upande umebadilika na lazima nikubali kwa haki yao. Data za mitambo ya muda inayofungwa kwa fedha za utafiti za Marekani kwa kawaida zinafunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka miwili. Programu ya kuhesabia hatari ya GEM inaitwa OpenQuake, unaipakua bure, msimbo wake uko wazi, mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kuendesha kwenye kompyuta yake programu ileile wanayotumia Pavia. Mtu wa ISC hakuulizi viza ili usome orodha ya matetemeko. Zamani hayo hayakuwepo, kumbukumbu za tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lile la 7.4, kubwa kuliko yote Afrika Mashariki kwenye karne ile, tunazipata kwa mitambo ya Ulaya na maandishi ya Wajerumani.

Upande ambao haujabadilika ni huo wako. Mitambo ya muda inaondoka. Inayobaki ni vituo vya kudumu vya Taasisi ya Jiolojia, GST ya Dodoma, na hivyo vinahitaji betri, intaneti, mtu wa kwenda kufyeka na kuangalia, yaani bajeti ya kila mwaka isiyo na picha ya kuzindulia. Niliwahi kufika kituo kimoja nikakuta betri zimechukuliwa na data imekatika zamani bila mtu yeyote kujua. Hicho kipindi hakirudi, kama kulikuwa na mitetemo hapo chini imepita haijaandikwa popote, na hakuna fedha ya mfadhili inayoweza kuinunua tena. Miaka mitano ya data isiyokatika kutoka kituo kimoja mi naona ina thamani kuliko mradi mkubwa wa miezi 18.

Kwahiyo mi ningekuwa na sauti ningetaka kila makubaliano ya utafiti yaandikwe mambo haya kabla kibali hakijatoka: angalau mtambo mmoja unabaki, kijana wa Kitanzania anasoma kuchambua na sio kuchimba shimo tu, na taarifa ya kurasa mbili ya kiswahili inarudi kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa injinia wa wilaya. Wale wazee wa maboma wanaotunza mitambo wananiuliza kila nikirudi, "mlisikia nini chini huko?" Wana haki ya kujibiwa. Baadhi ya timu wanafanya hivyo kwa hiari yao na nimewaona. Isiwe hiari.

Chalii wa Ngarenaro

Hapo tuko pamoja mkuu. Sasa mtu wa kawaida kama mimi nikisikia mtikisiko kuna sehemu ya kuandika au ndo tunaishia kwenye magrupu ya WhatsApp?

Mpimaji Tengeru

Zipo. GST wanapokea taarifa. Halafu kuna fomu ya "nimelisikia" ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, na apu ya LastQuake ya EMSC, kituo cha matetemeko cha Ulaya, unachagua mchoro tu unaofanana na ulichokisikia. Kwenye maeneo kama yetu yenye vituo vichache hizo taarifa zinatumika kweli kuonyesha mtikisiko ulifika wapi na kwa nguvu gani. Andika saa kamili, ulikuwa ghorofa ya ngapi au chini, umesimama au umelala, vitu gani vilisogea, ukuta ulipata ufa au la. Usiandike "kubwa sana". Vyombo vya kabatini kugongana huko Rau, mbwa kubweka, wengine kutoamka, hiyo ni taarifa kamili tayari, Mjenzi kaiweke hata leo.

MaKoku

Na wafundisheni watoto shuleni. Siku ile watoto walikimbilia mlangoni wote kwa pamoja na ukuta wa mbele ndo ulikuwa unaanguka. Kama uko ndani ingia chini ya meza imara ushike miguu yake, mpaka itulie ndo utoke, ukae mbali na kuta. Na usirudi ndani kuchukua simu, inarudi tena ile ndogo ndogo nyuma yake na nyumba imeshalegea.

Mjenzi wa Rau

Asanteni sana wote, shikamoo MaKoku. Nimeongea na fundi, alikuwa mgumu mwanzoni ila nilipomsomea hiyo ya ringi na kona akakaa kimya akasema atazikunja upya. Nimeongeza nondo za milimita 10, za 12 nimeshindwa. Injinia wa kuja kuona udongo na kona nimeshapata namba yake. Ijumaa tunafunga nondo, nitapiga picha niweke hapa kabla ya kumwaga zege.

Injinia wa Sakina

Vizuri. Piga kila kona peke yake, kwa karibu, na upande wa ndani uonekane. Msimwage mpaka nizione.